Punje Angavu Kuliko Zote

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Watu wengi wakiisikia methali hii humgeukia jirani na kumpima kwa macho. Ndivyo alivyofanya mtafiti mmoja wa maradhi ya neva, ambaye kwa tabia yake ya kufunga mlango kisha kurudi kuutikisa, wenzake walimwita Makini.

Makini alitumia hadubini yenye uwezo kupita zile za kawaida. Kamera yake ilipiga maelfu ya picha za seli moja, na katika kila picha nukta chache tu ziliwaka. Programu ya kompyuta ilitafuta kitovu cha kila nukta, kisha ikazikusanya zote kuwa picha moja safi. Kwa kuwa kioo kinachobeba seli husogea kidogo kidogo, punje ndogo za kung'aa hugandishwa juu yake ziwe vigingi. Programu huikazia macho punje aliyoichagua mtafiti, na kioo kikisogea, huirudisha picha mahali pake.

Lakini picha za Makini zilikuwa na walakini. Kila uzi ndani ya seli ulionekana una pacha ubavuni mwake. Mkuu wa maabara alikwisha kusema wazi kwamba picha zisipotengemaa kufikia Ijumaa, hadubini ingepewa kikundi kingine, na jasho lote la Makini lingekwenda bure.

"Programu hii imechezewa," aliwaza, na jicho lake likamwangukia Kicheko.

Kicheko alikuwa mwandani wake tangu wakiwa wanafunzi. Walikula sahani moja na kuazimana viatu. Alipewa jina hilo kwa sababu kicheko chake kilifika mahali kabla yake. Yeye ndiye aliyeweka toleo jipya la programu, na siku moja Makini alimkuta ameinamia kompyuta yao.

"Unatafuta nini hapo?"

"Nakuangalizia tu, dada. Hii punje yako unaiamini mno. Si ujaribu nyingine?"

"Hiyo ndiyo angavu kuliko zote, na nimeichagua mwenyewe. Wewe nani kakuambia uguse kazi yangu?"

Kicheko aliangua kicheko. "Haya, bosi! Nimetoa mkono."

Kicheko hicho kilimchoma Makini kama mwiba. Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mwenzake akinong'ona kwenye simu, anauza siri. Akiwahi kazini, ana lake jambo. Akichelewa, anakwepa kuulizwa. Akimletea chai, Makini aliiacha ipoe mezani. Mtu akishaingiwa na shaka, hata salamu huitafutia maana ya pili.

Hatimaye alikwenda kwa mkuu. "Mkuu, mimi sitaki kumsingizia mtu," alianza, kisha akamsingizia.

Kicheko alinyang'anywa ufunguo mpaka uchunguzi umalizike, na mkataba wake, uliokuwa ukingoni, ukawekwa kando bila kutiwa saini. Alipokuwa akichukua mkoba wake aliuliza neno moja tu: "Mimi?" Makini alijifanya anasoma.

Alipobaki peke yake, Makini alibadilisha neno la siri, akarudisha toleo la zamani la programu, akafunga mlango na kuutikisa. Kisha akachakata picha zote upya. Nyuzi zikaja na pacha wao vilevile, kama wageni waliokataa kuaga.

Safari hii hakuna mkono mwingine uliogusa. Akaanza kuzima hatua za programu moja baada ya nyingine. Alipozima ile inayorekebisha msogeo, picha ilikuwa na ukungu, lakini pacha walitoweka. Basi ubaya ulikuwa kwenye kigingi. Akaifuatilia punje yake picha kwa picha. Haikuwa imeganda. Ilishikwa upande mmoja tu, ikawa inaruka kulia na kurudi kushoto, na programu kwa utiifu wake iliivuta seli nzima kuifuata.

Akachagua punje nyingine, zilizofifia lakini zimetulia. Nyuzi zikajitokeza moja moja, safi. Alipaswa kurukaruka kwa furaha. Aliona aibu tu.

"Umemshika mharibifu?" mkuu alimuuliza.

"Nimemshika, Mkuu. Ni mimi."

Ijumaa hadubini ilibaki mikononi mwa Makini, na mkataba wa Kicheko ukatiwa saini. Makini alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwenzangu. Uliniambia, nami nikakuona adui."

"Yamekwisha," Kicheko alijibu. Akakaribia kompyuta ile ambayo kwa miaka waliitumia bila kuombana, akasimama. "Samahani, naruhusiwa kuigusa?"

Hakuwa akitania. Makini alisubiri kicheko kifuate, lakini hakikufuata. Alikuwa amepekua nguo za mwandani wake hadi pindo, za kwake hakuzitazama. Ni kweli waliyosema wahenga: kikulacho ki nguoni mwako.