Mvinje na Jiwe Lenye Choyo

Paukwa!
Pakawa!
Hizo sauti za watu waliokula au waliofunga? Paukwa!
PAKAWA!
Haya, pakawa kilima cha mawe, na msimuliaji ni mimi, fundi wenu. Asiyejua kusikiliza akalale.

Hapo kale, Bi Nyamvula alipanda mti wa mvinje nyuma ya nyumba yake, umkingie upepo. Lakini pale udongo ulikuwa kiganja kimoja tu. Chini yake, jiwe. Mvinje akawa wa manjano, mwembamba kama shingo ya huyu Mbaruku. Msicheke, na zenu nimeziona.

Siku moja Bi Nyamvula akaja na shoka. "We mvinje, nimekuvumilia! Mvua za masika zikianza ukiwa bado wa manjano, wewe ni kuni!"

Mvinje akatetemeka. Akanenepesha mzizi mmoja kama mchi, akamgonga Jiwe. Ti!

"Jiwe, Jiwe, nipe chakula."

"Ninacho, sikupi!"

Akagonga tena. Ti!

"Ninacho, sikupi!"

Akagonga mara ya tatu, ncha ya mzizi ikavunjika. Jiwe akacheka mpaka changarawe zikamdondoka. "Kamlete na babako!"

Sasa, siku ileile Bi Nyamvula alikuwa akipiga domo na jirani, wali ukaungua. Ukoko ukagandamana na sufuria. Akaketi nalo nyuma ya nyumba, akaukwaruza kwa ukucha, wapi! Akaukwaruza kwa mwiko, wapi! Akaukamulia ndimu, akaacha ulowe, kisha akaja na kumbi la nazi lenye nyuzi mia. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukoko huoo, ukatoka.

Mvinje akaona yote. "Kumbe! Mimi nimeleta mchi, kazi ni ya kumbi."

Akatoa vijizizi vyembamba, mamia kwa mamia, vimesongamana kama brashi. Vikamkumbatia Jiwe, vikamtemea ukali kama wa ndimu, vikangoja.

"Jiwe, Jiwe, nipe chakula."

"Ninacho, si... We! Unaniwasha!"

"Nipe!"

"Ninacho, si... Basi, basi, ndugu yangu, chukua!"

Masika yakapiga. Bi Nyamvula akaja na shoka, akaliinua juu... akaona kijani mpaka kileleni. Akalishusha.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Mkono wenyewe ulikuwa hautaki."

Akaketi, akauegemea mti. Mvinje naye akashusha pumzi: shwaaa! Hajamaliza kuishusha mpaka leo. Mkipita chini yake, sikilizeni.

Basi jueni: mwenye kifua hugonga, mwenye akili huloweka.

Ngano yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, sukari nimetia mimi. Ikiwa chungu, ndimi zenu zina kasoro.