Kisu Kilichostaafu

Wapendwa, funikeni Biblia kidogo, mwache kidole kwenye ukurasa tusipoteze mahali. Tutarudi.

Palikuwa na mzee mmoja katika mji wa mnada wa ng'ombe, kule juu kwenye baridi, aliyependa visu. Wako wanaopenda redio, wako wanaopenda viatu. Yeye alipenda visu, wala si kila kisu. Vya kukunja hakuvitaka. Alisema kisu chenye bawaba ni kama shahidi mwenye ndimi mbili, hujui lini atakugeuka mkononi. Alitaka kisu kilichonyooka, chuma kimoja kutoka kwenye ncha mpaka kwenye kitako cha mpini, mbao zimebanwa tu huku na huku kwa misumari ya shaba.

Alikuwa na kimoja kilichofuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya lori. Alikuwa na kingine cha chuma cha ng'ambo, alichokipata kwa mtu aliyekuwa akiongoza wapanda mlima; hicho kilikaa na makali msimu mzima bila kuguswa na jiwe. Vingine vilikuwa na mipini ya mpingo, vingine ya pembe. Vyote vilining'inia sebuleni, kwenye ubao uliovikwa kitambaa cha kijani. Na kama ulitaka kumtambua mzee huyo sokoni, ulitazama mkono wake wa kushoto. Haukuwa na nywele. Kila aliponoa kisu, alikijaribu pale.

Msidhani alikuwa mtu wa kujionyesha. Kilichomsukuma ni kutaka kujua. Kwa nini chuma hiki kinakata kama wembe, lakini kikigusa mfupa kinamegeka? Kwa nini kile kinabutuka upesi, lakini ukikipitisha kwenye jiwe mara chache kinarudi? Akijiuliza hivyo, hakungoja kujibiwa. Alichuna mbuzi kwa hiki, akachonga mpini wa jembe kwa kile, akalinganisha. Watu walikuja kuviazima pia. Palipokuwa na msiba au harusi, mtu alipiga hodi, akaeleza kazi, na mzee akamchagulia kisu cha kazi hiyo. Sharti lilikuwa moja: kirudi kimeoshwa na kukaushwa.

"Kisu kisichofanya kazi ni picha," alikuwa akisema.

Mnaona kosa hapo? Hata likitafutwa halipo. Ngojeni.

Mzee huyu alikuwa na jirani, mama aliyekuwa akiuza maziwa. Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso na pembe moja iliyopinda kuelekea jicho. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyoinjika sufuria ya nyumba ile. Asubuhi moja wakati wa mvua, ng'ombe alikata kamba akaingia kwenye shamba la maharage. Majani yalikuwa mabichi, na umande ulikuwa haujakauka. Wafugaji mlioko humu mnajua kinachofuata. Tumbo likajaa hewa. Ubavu wa kushoto ukapanda mpaka ukapita uti wa mgongo.

Yule mama akaja mbio, simu mkononi.

"Baba, ng'ombe amevimba. Akilala, haamki tena."

"Bwana mifugo yuko wapi?"

"Yuko mnadani. Huyu hapa kwenye simu. Anasema atobolewe."

Mzee akatazama ubao wake. Palikuwa na kisu kimoja chembamba, mgongo mnene, ncha kama ya sindano ya kushonea magunia. Hakufikiri sana. Alikishusha, akatoka.

Walipofika, mama alimwekea simu sikioni. Bwana mifugo alikuwa akipiga kelele ili ashinde mlio wa mnada.

"Upande wa kushoto, mzee. Kushoto kwa ng'ombe, si kushoto kwako."

"Nimeelewa. Mimi na ng'ombe tunatazama upande mmoja."

"Haya. Kuna bonde kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Leo si bonde, limekuwa kilima, ukiligonga linalia kama ngoma. Choma katikati ya ngoma. Kikishaingia, kizungushe kidogo, na usikichomoe mpaka hewa iishe."

Mzee aligonga kwa vidole. Ngoma ikalia. Alikuwa amekata nyama maisha yake yote, lakini alikuwa hajawahi kumchoma mnyama ili mnyama huyo aishi. Alitaka kujua itakuwaje. Akachoma. Ngozi ilikataa kwanza, kisha ikakubali kwa mara moja, na hewa ikatoka kwa mluzi kama gurudumu la lori lililopata msumari. Harufu ya majani yaliyochacha ikawarudisha nyuma wote waliokuwa wamezunguka. Mzee peke yake hakuachia mpini. Tumbo likashuka taratibu. Kabla ya jua la utosini, ng'ombe alikuwa akicheua.

"Mungu akubariki, baba," akasema yule mama. Alikuwa amekaa chini kwenye matope na hakujali.

Je, mzee alifanya jema? Alifanya jema. Tena kwa wakati, tena kwa mkono wake mwenyewe. Tulishike hilo, tusije tukamwonea huko mbele.

Jumapili iliyofuata akaombwa atoe ushuhuda kanisani, akatoa. Watu wakasema amina. Wiki ile wakaja wageni nyumbani kukiona kisu, akawasimulia. Wakaja wengine, akawasimulia. Hakuongeza uongo, wapendwa. Kila neno lilikuwa kweli: umande, maharage, simu, kushoto kwa ng'ombe, ngoma. Watu walicheka pale pa kuchekesha na wakanyamaza pale pa kunyamaza, na mzee akajua ni wapi hasa pa kunyamazia.

Kisha akamwita fundi wa madirisha, naye akakitengenezea kisu kile sanduku la mbao lenye kioo mbele. Likapigiliwa katikati ya ubao, visu vingine vikasogezwa kando. Mkewe alilitazama sanduku lile kwa muda.

"Kisu kimepata kioo," akasema. "Mimi bado najitazama kwenye maji ya ndoo."

Mzee akacheka, na asubuhi ile ikapita.

Aliendelea kuwaazimisha watu visu vingine. Lakini aliyekuja kuazima ilibidi aketi kwanza asikie habari ya kile cha katikati. Mwanzoni watu waliketi. Baadaye, mwenye mbuzi wa kuchinja alikwenda kuazima kisu mtaa wa pili, ingawa kilikuwa butu. Mji ule si mkubwa. Ikafika siku ambayo hapakuwa na mtu ambaye hajaisikia habari ile.

Mvua zikaja tena. Asubuhi moja mzee alikuwa sebuleni anakunywa chai. Akasikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamume mmoja asiyemjua, kibarua aliyetoka ng'ambo ya mlima, ndio kwanza ameajiriwa katika mtaa ule. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pita ndani. Pumzi zimekuishia, bwana. Keti."

"Mzee, nimetumwa kisu. Ng'ombe amevimba."

"Keti kwanza. Haraka haraka haina baraka."

Yule bwana akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Nimeambiwa niombe kile chembamba, chenye ncha."

"Chembamba kipo," akasema mzee, akaelekeza kidole kwenye sanduku. "Lakini hicho kimestaafu."

"Kimestaafu? Kisu, mzee?"

Wapendwa, mtu huyu hakuuliza kwa ubaya. Alishangaa tu, kama ambavyo wewe ungeshangaa. Lakini hebu fikirini swali lile lilivyoingia masikioni mwa mzee. Mji mzima ulikuwa umekwisha kusikia. Huyu hapa, sikio jipya kabisa, limeletwa na Mungu mpaka mlangoni, na linauliza lenyewe. Mzee akaweka kikombe mezani. Hakuuliza ng'ombe ni wa nani. Akaanza kwenye umande.

Kule alikotoka yule bwana, mzee akizungumza hakatizwi. Alikohoa. Alisogeza mguu mmoja kuelekea mlangoni. Mara moja alijaribu.

"Samahani, mzee, lakini..."

"Ngoja, bado hujafika kwenye ngoma."

Akaurudisha mguu. Nyumba ile ilikuwa na visu vya kila namna, vya kuchuna, vya kuchonga, vya kukatia kamba. Cha kukatia maneno ya mzee hakikuwapo.

Mzee akafika kwenye simu. Akafika kwenye kushoto kwa ng'ombe, akangoja kicheko, na yule bwana akajilazimisha kucheka kwa adabu. Mzee akaeleza jinsi hewa ilivyotoka kwa mluzi na jinsi ng'ombe alivyogeuza kichwa kumtazama, na lile baka jeupe.

Yule bwana akainua uso.

"Baka jeupe? Hapa?" Akajigusa kwenye paji.

"Hapo hapo."

"Na pembe moja imepinda?"

"Imepinda kuelekea jicho. Kwani unamjua?"

"Mzee," akasema, sasa amesimama, "huyo ndiye aliyevimba."

Mzee aliinuka hata kikombe kikaanguka. Sanduku lilikuwa limepigiliwa misumari, kwa kuwa hakutegemea kulifungua. Akavunja kioo kwa mchi wa jikoni. Wakakimbia wote wawili, mzee mbele, kisu mkononi, vipande vya kioo vimemkata vidoleni na yeye hajui.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, ulimi nje. Kando yake kilikuwa kisu cha jikoni cha yule mama, bapa lake limejikunja mpaka ncha inatazama mpini. Alikuwa amejaribu. Mchinjaji alikuwa amefika, amesimama na kanzu yake ameikunja mpaka magotini, anatikisa kichwa. Amekufa mwenyewe. Ni kibudu. Haliwi, hauzwi, ni wa kuchimbiwa shimo.

Yule mama hakulia. Alimtazama kibarua wake, akamtazama mzee, akatazama kisu.

"Mlikuwa wapi?"

Kibarua alimtazama mzee ili mzee ajibu, kama adabu inavyotaka. Mzee alikuwa ameinama, anaugonga ubavu wa ng'ombe kwa vidole. Basi kibarua akajibu mwenyewe, na akajibu kweli.

"Tulikuwa tunazungumza habari za ng'ombe huyu, mama. Jinsi alivyopona."

Naona mnatikisa vichwa. Ni vizuri.

Sasa tusimtupie mzee mawe. Mzee si mwongo. Si mchoyo, alikuwa akiwaazimisha watu. Si mvivu, alikimbia kuliko yule kibarua. Wema wake wa kwanza ulikuwa wema kweli. Kosa lake ni hili: aliuchukua wema ambao ulikuwa chombo, akaufanya kuwa kumbukumbu. Na kumbukumbu ikishawekewa kioo, haishuki ukutani kwa urahisi.

Je, sisi? Shuhuda zetu zina umri gani? Katika ofisi ya usharika wetu kuna picha. Mnaijua, iko juu ya kabati. Ni kwaya yetu ilipokwenda gerezani kuimba na kupeleka sabuni. Wengine mliomo kwenye picha ile mmeketi hapa, mmenenepa kidogo. Ilikuwa kazi njema. Kila mgeni kutoka dayosisi akija tunamwonyesha. Naye anauliza, kwa adabu tu, kama yule bwana: ilikuwaje? Nasi tunavuta kiti, tunaanza kusimulia. Je, tumekwenda tena? Nani kati yetu anajua walioko gerezani leo ni akina nani?

Uko humu wewe uliyemlea mtoto wa marehemu ndugu yako, ukamsomesha, na ukoo mzima unalijua kwa sababu umewasimulia katika kila kikao. Ni kweli ulimlea. Lakini mtoto yule sasa ni mtu mzima, na juzi alikupigia simu. Ulimsikiliza, au ulimkumbusha?

Nasi tunaohubiri hatukupona. Kuna siku tuliomba na mgonjwa akaamka. Tangu siku hiyo tumeihubiri siku hiyo, na wagonjwa wengine wamelala majumbani wakisubiri mtu abishe hodi.

Sisemi tusishuhudie. Yule mzee angeweza kusimulia habari ile mpaka uzeeni, na ingemfaa kila msikiaji, kama tu angesimulia wakati wa kurudi na si wakati wa kwenda. Mtu akija mbio, jasho linamtoka, anaomba kile kile ambacho Mungu alikitumia mikononi mwetu zamani, hajaja kusikia tulivyokuwa. Muulize swali moja tu, ng'ombe ni wa nani, na ukiuliza uwe umekwisha kusimama.

Tuinamishe vichwa tuombe. Maombi yatakuwa mafupi leo, maana huenda kuna mtu nje anatungoja.