Mshika Maji ya Fedha

Chururu, chururu. Maji yanamiminwa kwenye beseni la bati, nyuma ya pazia, wala hayakomi. Kata moja ikiisha, inachotwa nyingine. Waliosimama ukumbini hawaoni kitu. Wanasikia maji tu, na sauti ya mwanamke ikisema, "Fumbua jicho, mwanangu. Usilifikiche. Fumbua."

Hapo ndipo ilipozaliwa methali mliyoisikia asubuhi hii sokoni, pale mama ntilie alipomwambia muuza mkorogo, "Mshika maji ya fedha hutajwa na jua." Mlicheka, kisha mkauliza tangu lini fedha ikawa maji, na jua lilipata wapi mdomo. Kaeni basi. Methali hii haikutungwa na mshairi aliyeshiba. Ililipiwa kwa ngozi ya mtu, na ilitoka hivi.

Pangani, mtaa wa Kisimani, palikuwa na fundi wa hina aliyeitwa Bi Mwatime. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akichora jani kwenye kiganja ungedhani upepo utalipeperusha. Mwari alipakwa hina nyekundu kwanza, kisha juu yake piko, ile rangi nyeusi inayolitoa ua likaonekana. Mwaka ule piko iliyokuja madukani ilikuwa hafifu, ikikauka inabaki kijivu kama jivu la kuni. Na bibi harusi akitoka na maua ya kijivu, mawifi watamsimanga mpaka azae.

Ndipo akaja Bwana Hemedi, mwenye duka la dawa, mtu wa kanzu iliyonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa zaidi. Mkononi alikuwa na kichupa cha manukato kilichobanduliwa karatasi yake ya jina. Ndani mna kitu cheupe, kimetulia kama maji ya mtungi.

"Nini hii, Bwana Hemedi?"

"Maji ya fedha. Fedha hasa, iliyoyeyushwa. Chora nayo, mpeleke mwari penye mwanga, ua litaiva jeusi kama kunguru."

"Hayana madhara?"

"Bi Mwatime, kati yangu na wewe nani mwenye duka la dawa?"

Angalieni hapo, wanangu. Aliulizwa juu ya madhara, akajibu juu ya cheo. Swali la Bi Mwatime lilibaki hewani halijajibiwa, naye akaona haya kulirudia. Kila rangi mpya alizoea kuijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Hii hakuijaribu, kwa kuwa aliyeileta ni mwenye duka la dawa.

Mwari wa kwanza kuchorwa kwa maji hayo alikuwa Salha, mjukuu wa Mzee Mbwana. Alikalishwa mkekani, mikono imenyooshwa juu ya mito, na wanawake wakaanza nyimbo za kumuaga mama yake. Sasa, mwari wa kwetu sharti alie. Asiyelia husemwa kwamba alikuwa na njaa ya mume. Salha alilia machozi ya kweli, na kabla hajashikwa, akayafuta kwa mgongo wa mkono ambao maua yake yalikuwa bado mabichi.

Ukelele alioupiga ulizikata nyimbo katikati.

Miongoni mwa waalikwa alikuwamo nesi Eliapenda wa zahanati, naye akingoja zamu yake ya kupakwa hina. Aliuliza amepakwa nini, akaonyeshwa kichupa. Akatazama mkeka. Pale tone lilipoanguka karibu na dirisha, ukindu ulikuwa umeshageuka mweusi. Hakuuliza tena. Alimvuta Salha nyuma ya pazia, akaagiza maji, na maji, na maji.

Bwana Hemedi alifika kabla hajaitwa. Habari zilikuwa zimemfikia dukani. Aliingia ukumbini akinukia sabuni, mikono ndani ya mifuko ya kanzu, akasimama katikati ya watu.

"Nilijua siku hii itafika," alisema. "Huyu mama anachanganya piko na maji ya betri. Nilimwonya kwa kinywa changu."

Bi Mwatime alikiinua kichupa. "Hemedi, kichupa hiki umenipa wewe."

"Kichupa cha manukato? Hata kuku wa mtaa huu wanajipaka manukato hayo. Una shahidi?"

Hakuwa naye. Na wanawake aliowachora wao, akawachora na binti zao, walianza kumtazama vingine. Mmoja alikunja kiganja chake chenye hina mbichi akakificha ndani ya kanga, kama anayeficha mkono asiung'ate mbwa. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Mzee Mbwana alimnyooshea kidole Bi Mwatime. "Mjukuu wangu akipofuka kwa maji ya betri," alisema, "Mwatime utahama mtaa huu, na hakuna mwari wa Pangani atakayekupa mkono tena."

Sauti ya nesi ikatoka nyuma ya pazia. "Humu giza. Nataka kuliona jicho vizuri. Twendeni uani."

Wakatoka wote. Jua la saa saba lilikuwa limesimama wima juu ya ua. Salha aliketishwa kwenye kigoda, na mvua ya kata ikaendelea juu ya jicho lake. Bwana Hemedi peke yake alibaki chini ya upenu, mikono bado mifukoni.

"Njoo huku, Hemedi," Bi Mwatime alimwita. "Njoo uape mbele ya huyu mtoto."

"Kichwa kinaniuma. Jua sipatani nalo."

"Asubuhi ulikuwa juani ukibishana na mchuuzi wa ndizi, kichwa hakikuuma. Njoo."

Watu wakageuka kumtazama. Kiburi, wanangu, ni kamba. Hakimfungi mtu mwingine ila mwenye nacho. Hemedi aliona aibu ya kukataa ni kubwa kuliko hatari ya kutoka. Akatoka, akasimama mbele ya Mzee Mbwana.

"Mkono juu," alisema mzee.

Akaunyanyua. Ulikuwa safi, umesuguliwa mpaka kucha zinang'aa. Akaanza kuapa, na kwa kuwa alipenda sauti yake, akaapa kwa urefu: akataja ukoo, akataja hija ya baba yake, akataja maradhi yote aliyoyatibu mtaani. Bi Mwatime hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama ule mkono. Kwanza alidhani ni kivuli cha kunguru anayepita. Lakini kivuli hakikupita. Kilikuwa kikipanda vidoleni, rangi ya chai, kisha rangi ya kahawa, kikiteremka kiganjani kwa michirizi, kama maji yanavyomwagika.

"Tazama mkono wako, Hemedi," alisema kwa sauti ya chini.

Hemedi akatazama, akaufuta kwenye kanzu. Akautemea mate, akaufuta tena. Ulizidi kuiva.

Nesi Eliapenda hakuacha kumimina. "Ulikimbilia kuyamwaga yaliyobaki dukani," alisema, "yakakurukia. Mikono mitupu, bila hata glavu. Ukasugua kwa sabuni ukaona umetakata. Maji haya hayasikii sabuni. Yanangoja mwanga."

"Ni dawa," Hemedi alinong'ona. "Hospitalini wanaitumia."

"Wanaitumia ikiwa imezimuliwa kwa kipimo, iue vijidudu. Ikiwa kali inakula nyama, na jichoni inapofua. Ndiyo maana hukaa kwenye chupa nyeusi yenye jina, ndani ya kabati lenye ufunguo. Wewe ukaitia kwenye kichupa cha marashi, ukalibandua jina. Jina lilikukosea nini?"

Hemedi aliurudisha mkono mfukoni. Watu aliowatibu kwa maneno walirudi nyuma hatua moja.

Mzee Mbwana alisimama. Alimgeukia kwanza Bi Mwatime, akainamisha kichwa mbele yake, mbele ya wote. Kisha akamwambia Hemedi, "Ulituzidi sote kwa ulimi. Lakini mshika maji ya fedha hutajwa na jua."

Duka la Hemedi lilifungwa na watu wa afya. Mkono wake ulibaki mweusi mpaka ngozi ilipobambuka yenyewe, na siku zote hizo alisalimia watu kwa mbali. Jicho la Salha lilipona, kwa sababu ya yale maji yasiyokoma. Lakini mgongo wa mkono wake wa kulia ulibaki na kovu lenye umbo la ua, ua ambalo hakulichagua, na aliolewa mkono huo ukiwa umefungwa bandeji.

Asubuhi ya harusi Bi Mwatime alimwendea chumbani alikokaa na wenzake. Hakuleta hina. Aliupakata ule mkono uliofungwa.

"Salha mwanangu, kosa la Hemedi ni lake, ila mkono uliokupaka ni wangu. Niliuliza mara moja, nikaona haya kuuliza mara ya pili. Nakuahidi, na wenzako wanasikia: hakitagusa ngozi ya mwari kitu ambacho hakijagusa yangu kwanza. Na yeyote atakayeniletea chupa isiyo na jina, awe na duka, awe na kilemba, nitamtoa nje mchana kweupe nimwambie anyooshe mikono, kwa kuwa mshika maji ya fedha hutajwa na jua."