Ngiri na Mbegu za Moshini

Wallahi! Haki ya Mungu tena! Nikidanganya hata neno moja, ulimi huu ung'oke uangukie motoni mle, muuone ukichomeka! Chidumizi, acha kucheka. Mimi niliyekuwa nalima heka sita kabla ya uji, nidanganye ili nipate nini?

Nikisema "Hadithi yaja," nyinyi semeni "Ije na vumbi lake." Haya!

Hadithi yaja!

Ije na vumbi lake!

Zamani, zamani sana, mlima ule ulipokuwa bado kichuguu, palikuwa na Ngiri na jirani yake, Nungunungu. Mwaka huo mtama ulizaa, ukazaa tena, ukazaa mpaka mabua yakaomba kukaa chini.

Ngiri akapika pombe. Akaalika nyika nzima. Ngoma ikalia, mtama ukanywewa.

Nungunungu hakutulia. Akachagua masuke manene, akayapaka majivu na maji ya mwarobaini, akayatundika darini juu ya mafiga, yapigwe moshi. Akakausha majani ya kunde. Kisha akashika jembe, jua hilo hilo, akachimba mashimo ya kukinga maji shamba zima, akatia samadi.

Ngiri akapita na kata yake ya pombe mkononi. "We jirani! Unachimba kaburi la nani?"

"La njaa," akasema Nungunungu, akachimba.

Akapita tena. "Hujamaliza tu? Njoo unywe!"

"Kunywa wewe. Siafu wamehamia bondeni kutafuta maji. Mimi sikai."

Akapita mara ya tatu. "Mtama umejaa, wewe wahangaika kama una kiroboto!"

"Kiroboto huyo ndiye anayeniamsha," akasema, akachimba.

Basi mvua ikakataa. Jua likawaka, jamani! Mjusi akivuka njia alibeba jani. Akiungua analiweka chini, analikanyaga, anapumua, analibeba tena. Mimi kivuli changu kilibaki ndani, kikaniambia nenda peke yako. Nani anauliza nilikuwepo vipi? Nilikuwepo!

Kwa Ngiri ghala tupu. Watoto wanalia. Ngiri anatoka, anatazama juu, anaingia. Anatoka, anatazama juu, anaingia.

"Baba wee, utachimba mlango kwa miguu!" mkewe akamwambia. "Mawingu hayaji kwa kuchunguliwa. Watoto watatufia. Nenda kwa jirani."

Akaenda. Nungunungu akampa majani ya kunde. Akaenda tena, akapewa tena. Akaenda mara ya tatu, akanyoosha pua darini.

"Na zile je?"

"Zile ni mbegu. Tumbo langu lenyewe limeziomba, nikalinyima. Tukizila, mvua ikija tutapanda nini? Vicheko vyako?"

Kesho yake Nungunungu akashusha mbegu, akazipanda vumbini, hata wingu halijaonekana. Maana mvua ya mwaka wa njaa ni kama mgeni wa kuomba moto: ukisema ngoja nijiandae, kashaondoka. Akafukia, akaenda kulala. Nungunungu hulala mchana.

Kumbe Ngiri yuko kichakani! Akaingia shambani. Mashimo marefu, akiinama pua haifiki. Akapiga magoti. Akachimbua, akatia mdomoni.

"Ptuu! Chungu!" Akazitema mle mle shimoni.

"Labda la pili." Akajikokota kwa magoti. "Ptuu!"

"Labda la tatu." Akazamisha kichwa chote. "Ptuu! Mama yangu wee!" Mwarobaini huo!

Mara, tii! Tone. Tii, tii! Mvua ikamwagika, kichwa cha Ngiri kimo shimoni. Akakitoa akikohoa matope. Akainua macho. Nungunungu huyo hapo, miiba imesimama, inalia chaka-chaka-chaka.

"Jirani," Ngiri akasema, "watoto wangu wanakufa."

"Najua. Mbegu haipandwi yote siku moja. Fungu moja liko darini. Nililiweka liwe lako."

Ngiri akataka kusimama ashukuru.

"Ah-ah! Usisimame! Kwako maji yameteleza kama kwenye sahani. Hivyo hivyo kwa magoti, nenda kachimbe mashimo. Na mkia uweke juu, nikuone ukija shambani kwangu!"

Ngiri akachimba, hapumziki, akitazama juu, akichimba. Mvua ya pili ikaja, fupi kama ya kwanza, ikakuta mbegu ziko chini. Mtama ukaota huku na huku. Watoto wakala. Lakini magoti yalishazoea. Mpaka leo Ngiri hula amepiga magoti, na akikimbia, mkia juu.

Basi sikieni. Njaa hutayarishiwa mwaka wa shibe. Anayekunywa mbegu yake atapiga magoti shambani kwa mwenzake.

Hadithi yaenda!

Iende na vumbi lake!

Haya, inukeni, mimi sikai, natafuta jembe langu. Ila nawaomba, jamani, msimsimulie mtu. Nilimwahidi Ngiri mwenyewe, na magoti bado yanamuuma.