Salamu ya Manowari Nane

"Salamu ya mzinga huishia masikioni; ya mkono hufika moyoni." Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, kaka yake alipomletea zawadi kubwa ya harusi kwa mkono wa dereva, mwenyewe asije. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Bibi yangu mzaa mama alipokuwa msichana, zilitia nanga hapa mjini kwetu manowari nane zilizopakwa rangi nyeupe. Zilikuwa baharini mwaka mzima na zaidi, zikipita bandari moja baada ya nyingine, si kwa vita bali kutafuta urafiki. Liwali akatuma mpiga mbiu awaarifu watu kwamba mizinga ingelia, lakini ni ya salamu tu.

Mbiu ile haikumfikia Bi Mwatime. Aliishi peke yake nyuma ya makaburi, akisuka mikeka. Miaka mingi kabla ya hapo, manowari nyingine ziliupiga mji, na ukuta ukamwangukia binti yake wa miaka saba. Basi mzinga wa kwanza ulipolia, Bi Mwatime aliingia mvunguni mwa kitanda. Mizinga ilinyamaza, yeye hakutoka. Majirani walimbembeleza na kumletea uji, asile. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili.

Katika manowari moja alikuwamo Farjala, mchochea makaa, mzaliwa wa hapa hapa. Aliposhuka kumsalimu dada yake alisikia habari ile, naye aliporudi melini akamsimulia rafiki yake Tobias, mpiga mizinga.  Asubuhi yake Tobias aliomba ruhusa, akafuatana na Farjala hadi kwa yule mama, akavua kofia na kuketi sakafuni kando ya kitanda. Farjala akawa mkalimani.

Tobias alieleza kwamba ni yeye aliyepiga mzinga wa kwanza.

Sauti ikatoka mvunguni. "Ulijua kwamba mzinga hauna kombora?"

"Nilijua, mama."

"Mimi sikujua."

Tobias akainamisha kichwa. Hakujitetea, wala hakutaja amri ya wakubwa wake. Aliunyoosha mkono chini ya kitanda, akauacha pale, kiganja wazi. Farjala alisema baadaye kwamba ulikaa hivyo muda mrefu. Ndipo vidole vya Bi Mwatime vikaugusa, vikapapasa sugu na makovu ya baruti.

"Una mtoto?" akauliza.

Alijibu kwamba anaye, binti, aliyezaliwa baada ya meli kung'oa nanga kwao. Hajamtia machoni bado.

Bi Mwatime akatoka taratibu, vumbi limemjaa nywele, bila kuuachia mkono ule. Akamtazama usoni.

"Basi Mungu akufikishe, ukampakate," alisema. "Lakini kwanza ule."

Wakala pamoja ule uji wa majirani, ingawa ulikwishapoa.

Wageni walipoondoka, majirani walimjia mbio. Walitaka kujua yule mgeni alimwambia maneno gani, maana wao walisema kwa siku mbili wasifue dafu.

"Hakusema mengi," Bi Mwatime aliwajibu, akijifunga kanga upya. "Wanangu, salamu ya mzinga huishia masikioni, ya mkono hufika moyoni."