Mla Vifaranga na Mbiu Iliyorudishwa

Hapo zamani, enzi ambazo makosa ya watu hayakuandikwa popote bali yalikaa mdomoni mwa mpiga mbiu, mji wa Mtondoo ulikuwa na sheria yake. Ukikosa, mbiu inapigwa. Na kila ukiomba kazi ya kuaminiwa na watu, mbiu ileile inapigwa tena, hata uwe umeota mvi.

Mwanaidi alipokuwa mtoto aliiba mayai. Yangekuwa mayai tu, tusingekuwa na hadithi. Aliyatoa chini ya kuku wa Bi Hidaya, kuku mwenyewe anaatamia, akayachemsha. Kuvunja la kwanza, akakuta kifaranga. Akalia yeye, akalia Bi Hidaya, na Mzee Shekue mpiga mbiu akapuliza baragumu sokoni: "Mwanaidi kaiba mayai ya watu!" Tangu hapo akaitwa Mla Vifaranga, na masikini hakula hata kimoja.

Akakua, akajifunza ukunga kwa Bi Somoe. Siku ya kuomba kuwa mkunga, mbiu ikapigwa tena. Mwanamvua, mwenye mdomo kuliko wote sokoni, akaangua kicheko. "Aliyetoa vifaranga kabla ya wakati wao, ndiye atuzalishe sisi?"

Mwanaidi alitamani ardhi immeze. "Nitahamia mji usionijua," akamwambia Bi Somoe.

"Utahama miji mingapi, mwanangu? Twende tukairudishe mbiu."

Kurudisha mbiu kuliruhusiwa, ila nani alithubutu? Aliyekosewa asamehe hadharani. Mdhamini akubali kwamba mkosaji akirudia, mbiu itapigwa kwa jina lake mdhamini. Na mpiga mbiu ayameze maneno yake.

Wakaenda kwa Bi Hidaya. "Kuku yule niliachiwa na marehemu binti yangu," akasema. "Hakutaga tena."

Mwanaidi akapiga magoti. "Najua, bibi. Sikuja kukwambia nilikuwa mtoto. Nimekuja kukwambia nilikosa."

Bi Hidaya akamshika mkono. "Simama. Nimekusamehe, na sokoni nitasema."

Akasema. Bi Somoe akajitoa kuwa mdhamini. Mzee Shekue jasho likamtoka, maana kwao hakuna aliyewahi kurudisha neno, baba wala babu. Mwishowe akainamisha baragumu chini. "Nililosema juu ya Mwanaidi nimelimeza. Atakayelitamka tena, mbiu yake nitaipiga mimi."

Mwanaidi akakubaliwa kuwa mkunga. Haukupita muda mrefu, uchungu ukamshika nani? Mwanamvua! Naye akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Niitieni Mwanaidi!" Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mdomo kama wa mamaye.

Sasa, desturi ya Mtondoo ni kwamba mtoto wa kwanza kupokewa na mkunga mpya hutolewa nje na yule aliyemwezesha mkunga huyo. Siku ya kumtoa mtoto ilipofika, wakaja watatu, kila mmoja kanyoosha mikono.

"Bila msamaha wangu mngerudisha nini?" akasema Bi Hidaya. "Niliyeumia ni mimi. Nyinyi mlitoa maneno."

"Maneno?" akadakia Bi Somoe. "Wewe ulisamehe lililopita, ukamaliza. Mimi nimebeba lijalo, na nitalibeba mpaka kaburini."

Mzee Shekue akakohoa. "Mji ulinyamaza niliponyamaza mimi. Na tangu siku ile, kila nikipuliza, wapo wanaoniuliza, 'Hii nayo utaimeza lini?'"

Mwanamvua akainuka kitandani. "Na mimi je? Nyinyi mlisema. Mimi nimempa mwanangu!"

Mwanaidi alisimama mlangoni, mtoto mikononi, jua la asubuhi limefika kizingitini. Aliwatazama wote wanne, akawapenda wote wanne, machozi ya furaha yakamlenga. Ampe huyu, amnyime yule? Akashindwa.

Basi mtoto yuko pale, anapiga chafya, anataka jua lake. Nyinyi mnaonikodolea macho, msaidieni Mwanaidi. Je, nani alistahili kumtoa mtoto nje?