Mwaka Tuliompumzisha Mama

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ilianza hivi, lakini kwanza acheni kucheka. Nimekusikia, Salha, ukimwambia mwenzako kwamba mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenye nyumba naye akapata paja. Ndivyo mlivyofundishwa, hata mimi nilifundishwa hivyo. Wengine waliipata wapi, sijui. Kwetu ilianza nyumbani kwa mama yangu, Bi Sikudhani, milimani juu ya Muheza, na siku hiyo hakikuchinjwa hata kifaranga. Endeleeni kushona vifungo vya mashati yenu ya shule. Nahitaji masikio yenu tu.

Wakati huo nilikuwa na watoto watatu, tukikaa Dodoma, babu yenu akifanya kazi reli. Kila Desemba shule zilipofungwa niliwapeleka watoto kwa bibi yao. Sasa mama alikuwa na desturi yake, na wanawake wengi wa rika lake walikuwa nayo: mgeni hali anachokula mwenye nyumba. Nasi tuliozaliwa mle mle ndani, tukitoka mbali tulihesabiwa wageni. Sahani za maua zilitolewa kabatini, maandazi asubuhi, wali wa nazi mchana. Yeye alibaki jikoni amesimama, akichungulia kama sinia limepungua. Nikimwambia, "Mama, njoo uketi tule," hujibu, "Nimeshaonja." Maisha yake yote mama yangu alikuwa ameshaonja.

Mwaka mmoja, siku ya mwisho ya likizo, alikuwa akipika pilau ya kutuaga. Akaanguka pale pale mbele ya mafiga. Alipozinduka alisema ni moshi. Sikuuamini moshi ule, na nilirudi Dodoma nikiona aibu, maana niliona tunammaliza mama kwa kula.

Desemba iliyofuata nikamwandikia barua. "Mama, mwaka huu hatuji. Pumzika." Nilijiona mtoto mwema kweli kweli, Mungu anisamehe. Jibu lake aliandikiwa na jirani yake, Bi Hiyari, nalo lilikuwa mstari mmoja: "Vema, mwanangu. Nitapumzika."

Basi tukakaa Dodoma. Jua kali, vumbi, watoto wakigombana kutwa na kuuliza habari za bibi yao. Na mimi, mtu mzima na watoto wangu, nilimtamani mama mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilitamani harufu ya kuni mbichi kwenye khanga yake. Nilitamani hata kelele zake akifukuza kuku barazani. Lakini nilijikaza, nikajiambia anapumzika.

Mwaka mpya ulipoingia ikaja barua nyingine, safari hii ya Bi Hiyari mwenyewe. "Rukia, mama yako amepumzika sana. Moto wake unapita siku mbili haujawashwa. Sasa haamki kitandani. Mganga wa zahanati amemtazama, haoni ugonjwa. Njoo."

Zilibaki siku saba shule zifunguliwe. Sare hazijashonwa, madaftari hayajanunuliwa. Babu yenu akasema, "Nenda na watoto. Sare niachie mimi." Tulisafiri siku mbili, tukafika alasiri mikono mitupu. Hata sukari ya kumpelekea mzazi hatukuwa nayo.

Nilimkuta amelala ameelekea ukutani, amekonda, mabega yamesimama. Aligeuka, akatuona, akaanza kulia.

"Mmekuja, nami sina kitu ndani," alisema. Akahangaika kushusha miguu. "Mwite Hiyari aniazime kuku."

"Hatutaki kuku, mama."

"Wageni wale nini?"

"Wale ulichokula wewe jana."

Akaacha kuhangaika na miguu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Jana sikula."

Wanangu, sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilitoka nyuma ya nyumba nikang'oa muhogo, watoto wakaumenya, tukauchemsha kwa chumvi na tui la nazi moja tuliyoiokota shambani. Sahani za maua sikuzigusa. Niliichukua sufuria ile ile nyeusi, nikaitua sakafuni chumbani kwake, tukakaa juu ya mkeka kuizunguka. Nikasema, "Mama, hatuli mpaka ushuke." Akatazama sufuria, akatutazama sisi. Nadhani aliona haya, wageni kulia sufuriani. Lakini alishuka, nikamshika mkono, akaketi.

Akala. Kifunga mimba wangu, Chiku, alimkazia macho, kisha akauliza, "Bibi, kumbe nawe unakula?" Mama alicheka mpaka akapaliwa, nasi tukacheka, na mimi machozi yakinitoka.

"Mama," nikamwambia, "tulidhani tunakuchosha."

"Mnanichosha," akajibu. "Nachoka mwezi mmoja, napata nguvu ya mwaka mzima. Mwaka huu sikuchoka, nikaugua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mtu humwombaje mgeni aje, Rukia? Mgeni huja mwenyewe."

Alfajiri nilisikia ufagio uani. Bi Hiyari alipopita na ndoo yake alisimama, akashangaa. "Sikudhani! Umepewa dawa gani?" Mama hakuacha kufagia. Akasema, "Mgeni kaja, mwenyeji kapona." Bi Hiyari akalichukua neno lile mpaka kisimani, na kisimani neno halilali.

Tulikaa siku mbili tu, maana shule haingoji mtu. Siku ya kuondoka hapakupikwa pilau. Tulikunywa chai ya rangi na muhogo uliolala, sote mkekani, naye katikati yetu. Kisha akatusindikiza hadi barabarani, akitembea polepole. Nilingoja aniambie nenda salama, kama miaka yote. Hakusema hivyo. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na mama yangu, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, akaniomba.

Nilikwenda kila Desemba mpaka alipofariki. Hata sasa likizo zikiisha namtamani, na uzee haujanipunguzia. Nanyi Jumatatu mnaondoka kurudi shule, nyumba itabaki na mimi. Sitajifanya nimefurahi kupumzika. Nitawaambia alichoniambia mama yangu pale barabarani, kwa sauti ile ile ya kuomba: mgeni njoo, mwenyeji apone.